Kicheko na Haki ya Kujibu: Tashtiti ya Wanafunzi baina ya Nairobi na Mlimani

Utangulizi

Katika masomo ya fasihi vyuoni, tashtiti hufundishwa kama mbinu. Mwanafunzi huelezwa kwamba mwandishi hutumia kejeli, kinaya, chuku na dhihaka ili kufichua maovu ya jamii, kisha hutakiwa kutoa mifano kutoka katika matini aliyopewa. Swali ambalo halipewi nafasi ya kutosha katika mafunzo hayo ni la kimaadili: ni nani aliye na haki ya kumcheka nani, na kwa masharti yapi? Swali hili huibuka kila mara gazeti la wanafunzi, karatasi ya ukutani au katuni inapozua mtafaruku chuoni. Hapo pande mbili hujitokeza upesi. Upande mmoja husema kwamba huo ni mzaha tu na kwamba aliyeudhika hana ucheshi. Upande wa pili husema kwamba huo ni utovu wa adabu na kwamba wahusika hawana budi kuadhibiwa.

Makala haya yanadai kwamba majibu yote mawili hulikwepa swali lenyewe. Anayesema "ni mzaha tu" haelezi ni kwa nini mzaha uleule humchekesha mmoja na kumvunja mwingine. Anayesema "ni utovu wa adabu" naye haelezi adabu hiyo inamlinda nani. Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba uhalali wa kimaadili wa katuni ya dhihaka hutegemea uhusiano uliopo baina ya mchoraji na mchorwa, na hasa uwezo wa mchorwa kujibu. Ili kuithibitisha hoja hii, tajiriba mbili zitalinganishwa. Ya kwanza ni ya Nairobi, ambako kwa muda mrefu aliyechekwa na wanafunzi na walimu wao alikuwa dola. Ya pili ni ya Mlimani, Dar es Salaam, ambako mwaka 1990 kicheko cha wanafunzi kilimwelemea mwanafunzi mwenzao.

Nairobi: Kicheko kama Kosa la Jinai

Bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi limo katikati ya jiji, baina ya University Way na Harry Thuku Road, na kituo cha polisi cha Central hakiko mbali na lango lake. Mabewa mengine yametawanyika kuelekea magharibi: Chiromo, kisha Kabete, kisha Kikuyu. Karatasi iliyoandikwa bewa kuu ilikuwa na njia ndefu ya kuwafikia wanafunzi wa Kikuyu, na njia fupi zaidi ya kufika kituoni. Jiografia hiyo inasaidia kueleza tabia ya maandishi ya wanafunzi katika jiji hili: yaliandikwa na watu waliojua kwamba msomaji wa kwanza huenda akawa askari.

Historia inathibitisha kwamba hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya kijikaratasi chake, Kenya: Twendapi?, kilichosambazwa mwaka 1968. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa tuzo iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, Rais yuleyule ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga mtunzi. Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki iliyochapishwa mwaka 1981, aliwekwa kizuizini mwaka 1982 alipokuwa mhadhiri. Mwaka 1986, wakati wa msako dhidi ya Mwakenya, walimu na wanafunzi kadhaa walifungwa, na miongoni mwa waliofungwa mwaka huo alikuwamo Wahome Mutahi, ambaye safu yake ya Whispers iliwachekesha Wakenya kila juma. Chini ya sheria ya uchochezi, hata kupatikana na karatasi iliyopigwa marufuku lilikuwa kosa. Vifungu hivyo vilifutwa mwaka 1997.

Katika mazingira kama hayo ndipo ilipojengeka imani ambayo bado ina nguvu miongoni mwa wanafunzi na wahakiki: kwamba dhihaka ni ushujaa kwa asili yake, na kwamba mwenye kuficha jina lake hufanya hivyo kwa sababu ukweli umepigwa marufuku. Imani hiyo ina msingi. Kwa miaka mingi magazeti makubwa ya Kenya hayakuthubutu kuichora sura ya Rais. Msomaji wa Taifa Leo alimcheka Juha Kalulu wa Edward Gitau, mtu wa kawaida mwenye visa vya kawaida, huku mwenye mamlaka akibaki nje ya fremu. Mabadiliko yalikuja na mfumo wa vyama vingi. Gado, mchoraji Mtanzania aliyejiunga na gazeti la Nation mwaka 1992, ni miongoni mwa waliomwingiza mtawala ndani ya fremu hiyo na kutia sahihi chini yake. Kwa hiyo, kwa kizazi cha wasomi waliokulia katika historia hii, kuitetea katuni na kuutetea uhuru lilikuwa jambo moja.

Hata hivyo, imani inayotokana na uzoefu wa upande mmoja yafaa ipimwe kwa uzoefu wa upande mwingine. Kipimo kinachofaa zaidi kinapatikana katika chuo jirani, kilichokuwa na wanafunzi wa rika lilelile, mbinu zilezile na lugha ileile ya ukombozi.

Mlimani: Mzee Punch

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzee Punch lilikuwa jina la mchoraji na mwandishi asiyejulikana, au tuseme la kundi lililojificha nyuma ya jina moja. Kazi zake zilikuwa michoro na maandishi yaliyobandikwa kutani kwa siri, na wanafunzi wakakusanyika kuyasoma. Lilikuwa gazeti la ukutani lisilo na mhariri. Hapo mwanzo walengwa walikuwa ni pamoja na watu walioonekana kukiuka maadili ya jumuiya ya wanafunzi au kuyasaliti maslahi yao. Kufikia miaka ya 1980, walengwa wakuu walikuwa wanafunzi wa kike. Walichorwa kwa picha za aibu na kuandikiwa visa kuhusu maisha yao ya kimapenzi, vya kweli au vya kubuni. Adhabu haikuishia ukutani, maana aliyechorwa alitengwa, na aliyethubutu kuandamana naye alijiweka katika hatari ya kuchorwa yeye mwenyewe.

Jina lenyewe lina historia inayostahili kuzingatiwa. Punch lilikuwa gazeti la tashtiti lililoanzishwa London mwaka 1841, nalo lilichukua jina la kikaragosi wa michezo ya mitaani ya Uingereza. Kikaragosi huyo hubeba fimbo, na mmoja wa wahusika anaowapiga katika mchezo ni mkewe. Watazamaji hucheka kwa kuwa wanajua kwamba kichwa kinachopigwa ni cha mti. Huko Mlimani kichwa hakikuwa cha mti.

Mwezi Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wa kiume katika mazingira ya vitisho vya Mzee Punch. Jina lake halihitaji kurudiwa hapa. Liliandikwa vya kutosha na wasiokuwa na haki ya kuliandika. Kifo hicho kilizua hasira nchini. Mzee Punch alipigwa marufuku, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kikalifanya tukio hilo kuwa sehemu ya kampeni yake dhidi ya unyanyasaji wa wanawake, kampeni ambayo ilichangia kupatikana kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998.

Mwezi Mei wa mwaka huohuo wa 1990, serikali ya Tanzania ilikifunga chuo kutokana na mgogoro mwingine baina yake na wanafunzi, na wanafunzi wakarudishwa makwao. Tukio hilo la pili lina umuhimu mkubwa katika mjadala huu. Linaonyesha kwamba jumuiya iliyokuwa dhaifu mbele ya dola ndiyo iliyokuwa na nguvu za kutisha mbele ya baadhi ya wanajumuiya wake. Katika muda wa miezi minne tu, wanafunzi walekwale walionekana kwa sura mbili.

Mtu aliyezoea hoja za Nairobi atakabiliwa na ugumu mbele ya kisa hiki. Mzee Punch alikuwa na kila sifa ambayo mapokeo ya kimapinduzi huisifu. Alificha jina, alifanya kazi usiku wa fikra rasmi, hakutii mhariri wala msimamizi, na aliwachekesha wengi. Ikiwa dhihaka ni ushujaa kwa asili yake, basi Mzee Punch alikuwa shujaa. Kwa kuwa hitimisho hilo halikubaliki, hapana budi msingi wake uchunguzwe upya.

Utani na Masharti Yake

Jamii za Afrika Mashariki zina taasisi ya zamani inayoweza kulisaidia suala hili, nayo ni utani. Upo utani wa babu na mjukuu, wa mashemeji, na wa makabila, kama vile baina ya Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani ana ruhusa ya kusema ambayo mwingine angeyasema yakazua ugomvi. Anaweza kumdhihaki mfiwa msibani, mbele ya jeneza, na asichukiwe. Mtu wa nje huweza kudhani kwamba hapa pana uhuru usio na mipaka. Kwa hakika utani una masharti matatu yaliyo wazi. Kwanza, mtani anajulikana: watu humjua ni nani na ametoka wapi. Pili, utani ni wa pande mbili, na anayetaniwa leo ana haki ya kutania kesho kwa kiwango kilekile. Tatu, ruhusa ya kucheka huandamana na wajibu. Mtani yuleyule anayemdhihaki mfiwa ndiye anayechimba kaburi, anayesenya kuni na anayewapikia waombolezaji.

Masharti hayo yanaonekana pia katika fasihi andishi ya pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi katika zama za uhasama baina ya miji yao, na wala hawakuoneana haya katika maneno. Lakini kila mmoja alitunga akijua kwamba jibu litakuja, kwa bahari ileile na kwa vina vilevile. Matarajio ya kujibiwa ndiyo yaliyoyapa malumbano hayo ukali na adabu kwa wakati mmoja. Mshairi aliyetukana ovyo alijua kwamba udhaifu wa hoja yake ungeanikwa katika ubeti wa pili.

Mzee Punch aliyavunja masharti yote matatu. Hakujulikana, hakuweza kujibiwa, na hakuwa na wajibu wowote kwa aliyemchora. Mwanafunzi wa kike aliyejikuta ukutani hakuwa na ukuta wa kwake. Kama angelalamika, angeambiwa kwamba hana ucheshi. Kama angenyamaza, kimya chake kingesomwa kuwa ni kukiri. Kwa hiyo jambo lililoufanya mchoro wa Mlimani kuwa uovu linatangulia ukali wa mistari yake na hata matusi yake. Mchoro ule ulikuwa hukumu iliyotolewa na wengi dhidi ya mmoja asiyeweza kukata rufani, nacho kicheko kikawa njia ya kuitekeleza.

Suala la kuficha jina nalo lapata maelezo hapa. Kinyago hakina maadili yake chenyewe. Mtu dhaifu anapokivaa ili amseme mwenye nguvu, kinyago humpa usawa ambao hali ya kawaida imemnyima. Mwenye nguvu anapokivaa ili amseme mnyonge, kinamwondolea hata ile aibu ndogo ambayo ingemzuia. Mwandishi wa Nairobi wa mwaka 1986 na Mzee Punch walivaa kinyago kimoja, lakini waliwatazama watu tofauti kupitia matundu yake.

Vivuli vya Mwaka 2024

Huenda ikadaiwa kwamba kipimo hiki ni chepesi mno, kwa kuwa kinampa kijana ruhusa ya kumchora mkubwa vyovyote atakavyo. Pingamizi hili ni zito, na matukio ya hivi karibuni ya Nairobi yamelifanya kuwa zito zaidi. Baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, yaliyofikia kilele tarehe 25 Juni 2024 Bunge lilipovamiwa, dhihaka iliyoelekezwa kwa Rais William Ruto iliongezeka. Mchoraji anayejulikana kwa jina la Kibet Bull alipata umaarufu kwa picha za vivuli: umbo jeusi la Rais, lisilo na uso, lililotambulikana kwa mkao na miondoko tu. Wengine walisambaza picha zilizomwonyesha Rais akiwa ndani ya jeneza. Kibet Bull alitoweka jijini Nairobi tarehe 24 Desemba 2024 na kupatikana tarehe 6 Januari 2025, siku ambayo vijana wengine kadhaa waliotoweka walionekana pia. Polisi walikana kuhusika. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitangaza mwezi huo wa Desemba kwamba visa vya utekaji nyara tangu Juni vilikuwa vimefika 82, na kwamba watu 29 walikuwa hawajulikani waliko.

Mambo mawili yafaa yatenganishwe. La kwanza ni tathmini ya picha zenyewe. Kivuli na jeneza haviko katika daraja moja. Kivuli ni tashtiti ya hali ya juu: mchoraji ameondoa uso, akabakisha umbo la madaraka, na mtazamaji hulazimika kuukamilisha mchoro kwa ujuzi wake mwenyewe wa mtawala. Jeneza, kwa upande wake, linamwambia mtazamaji mambo machache sana. Halifichui uovu wowote wala halionyeshi kinaya chochote. Linatangaza matakwa tu. Zaidi ya hayo, desturi ambayo humruhusu mtani kucheka mbele ya maiti haimruhusu mtu yeyote kumwombea kifo aliye hai. Mhakiki ana haki, na hata wajibu, wa kusema kwamba picha kama hiyo ni dhaifu kisanaa na ni nzito kimaadili.

La pili ni nani mwenye mamlaka ya kuitoa hukumu hiyo na kwa njia gani. Hapa kipimo cha uwezo wa kujibu kinaonyesha makali yake. Rais ana redio, televisheni, wasemaji, mimbari za makanisa na majukwaa ya kila mwisho wa juma. Hakuna mtu nchini aliye na uwezo mkubwa zaidi wa kulijibu neno kwa neno. Mwenye uwezo kama huo akijibiwa kwa niaba yake na watu wasiojitambulisha, wanaotumia magari yasiyo na alama, basi kinyago kimebadilisha mmiliki. Aliyejificha sasa ni mwenye nguvu, na asiyeweza kujibu ni mchoraji. Uhusiano huo ndio uleule wa Mlimani, ijapokuwa wahusika wamebadilishana mavazi.

Ni kweli kwamba katika siku hizo viongozi walizungumza sana juu ya adabu na malezi. Adabu si jambo la kupuuzwa; jamii isiyo nayo haiwezi hata kutaniana. Lakini adabu katika utamaduni wa Waswahili na majirani zao ni deni la pande zote mbili. Mkubwa anayedai heshima anatakiwa kuwa na subira, na mzazi anayetaniwa na mjukuu wa jirani hachukui rungu. Adabu inayodaiwa kwa mdogo peke yake, na tena kwa nguvu, ni woga uliopewa jina zuri.

Ngazi Haiko Moja

Pingamizi la pili ni gumu kuliko la kwanza. Kipimo cha uwezo wa kujibu kinaelekea kudhania kwamba jamii ina ngazi moja, na kwamba kila mtu anajua amesimama kwenye kidato kipi. Mlimani inatuonya dhidi ya dhana hiyo. Kijana wa kiume aliyeogopa askari mwezi Mei ndiye aliyeogopwa na msichana mwezi Februari. Mwanafunzi wa bewa lolote la Nairobi huweza kuwa mnyonge mbele ya serikali, bwana mkubwa mbele ya mfagiaji wa bweni, mmoja wa wengi mbele ya mwanafunzi wa kabila dogo, na mgeni mbele ya mwenyeji wa Kangemi anayepita jirani na bewa. Kila katuni humweka kwenye kidato kingine.

Kwa sababu hiyo, historia ya mateso haimpi mchoraji kibali cha kudumu. Mtu aliyewahi kufungwa kwa ajili ya ukweli hastahili kuaminiwa papo hapo anapomcheka jirani yake. Kila mchoro unahitaji kuulizwa upya: huyu anayechekwa ana ukuta wa kuandikia jibu? Akijibu, atasikika? Na je, gharama ya kicheko hiki italipwa na mchoraji, au na mtu ambaye hakushauriwa? Swali la mwisho lina uzito wa pekee katika vyuo vya Kenya na Tanzania, ambako mara nyingi kufungwa kwa chuo kumewaadhibu maelfu kwa tendo la wachache. Kufunga chuo ni kosa la mwenye kufunga. Hata hivyo, mchoraji mwenye busara anajua kwamba ujasiri wake unakopa kutoka kwa wenzake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tashtiti ni uhusiano kabla ya kuwa mbinu. Nairobi imeonyesha hatari ya dola isiyokubali kuchekwa, na Mlimani imeonyesha hatari ya kicheko kisichokubali kujibiwa. Mapokeo ya utani na ya malumbano yanayaunganisha mafunzo hayo mawili kwa kudai kwamba mchekaji ajulikane inapowezekana, akubali kuchekwa, na abebe sehemu ya mzigo wa anayemcheka. Pale ambapo kujulikana ni kujiangamiza, kinyago kinaruhusiwa, mradi kielekezwe kwa yule aliye na uwezo wa kujibu.

Kwa wahakiki na walimu wa fasihi, matokeo ya hoja hii ni ya kiutendaji. Mwanafunzi anayeulizwa abainishe kejeli na chuku katika matini aulizwe pia ni nani anayesema, anamsema nani, na jibu lingetoka wapi. Bila swali hilo, mtahiniwa angeweza kuuchambua ukuta wa Mlimani wa mwaka 1990, akabainisha mbinu zake zote kwa usahihi, akapata alama za juu, na asitambue kwamba aliyechorwa hapo alikuwa mtu.